Aliyeahirishwa

Mshauri wa masomo alipomwona Mwalimu akiingia peke yake, alichungulia nyuma ya bega lake kumtafuta wa pili.

"Leo pacha mmoja tu?"

"Mwenzangu kichwa kinamuuma, Dokta. Amesema nitangulie."

Pale idarani waliitwa Pacha, ingawa hawakufanana hata ukucha. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mzito wa maneno, aliyezoea kuuliza swali moja na kulingoja jibu lake. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Tangu walipoanza masomo yao ya uzamili katika teknolojia ya elimu, walikuja kupanga kozi pamoja, wakaketi kwenye viti viwili vilivyogusana, na wifi ndiye aliyesema kwa ajili ya wote wawili. Sisi tutachukua hii. Ile tutaiacha. Mshauri, mtu mwema aliyechoka, mwenye wanafunzi wengi kuliko alivyoweza kuwakumbuka kwa sura, aliupenda mtindo huo. Ulimpunguzia nusu ya maneno.

"Nimekuja kuthibitisha mafunzo kwa vitendo," alisema Mwalimu. "Muhula uliopita alikwenda mwenzangu. Huu ni wangu."

Mshauri aliigeukia kompyuta, akabofya, akangoja, akabofya tena. Kisha akavua miwani, akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo alikwisha kulijibu.

"Lakini wewe umeahirisha."

"Nani?"

"Wewe. Mpaka mwakani, kwa sababu ya mgonjwa wenu." Aliiona sura ya Mwalimu, sauti ikamshuka. "Mwenzako alikuja wiki iliyopita. Akasema mmekaa nyumbani, mmeamua hivyo. Nikampa pole nyingi akuletee. Hazikukufikia?"

"Hazikufika, Dokta. Na nafasi yangu?"

"Nilimpa aliyekuwa akingoja. Wajua mwenyewe shule zilizokubali kutupokea hapa mjini ni chache mno. Sikuweza kuiacha nafasi ikae bure."

"Mimi uliniuliza?"

Mshauri alianza kuifuta miwani yake, nayo haikuwa na doa. "Siku zote husema yeye," alijibu. "Sikuona ajabu."

Mwalimu akamweleza, polepole, kwa sauti ileile aliyoitumia darasani kwa mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. Mwajiri wake alimpa ruhusa ya masomo ambayo ingekwisha pamoja na muhula huu, na ruhusa ya namna ile haitolewi mara mbili kwa mtu mmoja. Mwakani angekuwa amerudi shuleni kwake, darasani tangu asubuhi mpaka jioni. Asipoyafanya mafunzo kwa vitendo sasa, asingeyafanya tena. Na asiyeyafanya hahitimu, hata awe amefaulu kozi nyingine zote.

"Hayo mwenzako hakuniambia," alisema Mshauri.

"Angekuambiaje, na alikuja kwa shughuli zake?"

Mshauri alirudi kwenye kompyuta, akakaa nayo kwa muda mrefu. Ilibaki nafasi moja isiyotakiwa na mtu: chuo cha ualimu kilichokuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Anayekwenda hulala hukohuko wiki kumi, huwasaidia wakufunzi kuandaa masomo ya kompyuta, na hurudi mwisho wa muhula. Kazi ilianza Jumatatu.

"Nitakushikia mpaka Ijumaa," alisema. "Ila uje mwenyewe."

"Nilikuwa nikija mwenyewe siku zote, Dokta. Nilikuwa nikikaa kiti hiki hiki."

Ukumbini alikutana na dada mmoja wa darasa lao, mwenye miwani minene na mkoba uliojaa vitabu. Dada yule alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante sana kwa kunipisha, dada yangu. Sikujua ningefanya nini. Na mgonjwa anaendeleaje?"

Ilimpasa Mwalimu aseme kwamba hakumpisha mtu. Lakini uso ule mbele yake ulijaa shukrani ya kweli, naye hakuwa na la kumlaumu. "Anaendelea vizuri," alijibu, akauondoa mkono wake taratibu. Angetukanwa pale ukumbini, angeona nafuu.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na sebule iliyoungana na jiko. Chumba kizuri kuliko vyote, chenye dirisha la kuingiza jua la asubuhi, walimpa mama mkwe tangu alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito. Juu ya meza ya jikoni, ukutani, ilibandikwa ratiba ya masomo waliyoipanga wifi hao wawili kwa kalamu za rangi mbili, nyekundu ya mmoja na buluu ya mwingine. Wenzao darasani walichagua kozi kwa kumtazama mhadhiri, au kwa kuitazama ajira. Hawa walichagua kwa kutazama saa za kumgeuza mgonjwa. Nyekundu na buluu hazikukutana popote katika ratiba ile: Tathmini ya Ujifunzaji asubuhi kwa huyu, Usanifu wa Mafunzo jioni kwa yule, ili kusiwe na saa hata moja ambayo mama angebaki na kuta. Mwalimu alitamani sana kujifunza uandaaji wa video za kufundishia, akaiacha kozi hiyo kwa sababu iligongana na saa ya kumwogesha mama asubuhi. Akachukua historia ya vyombo vya kufundishia, ambayo haikuwa na faida kwake ila kwamba ilifundishwa saa ambayo wifi alikuwa nyumbani.

Wifi alikuwa mezani na kompyuta yao moja, spika ndogo masikioni, akicheka na kitu kiooni. Kichwa hakikuonekana kumuuma.

"Kimepoa?" aliuliza Mwalimu.

"Kidogo, wifi. Umerudi mapema."

"Dokta amenipa pole zangu, zile ulizosahau kuzileta."

Wifi alitoa spika ya sikio moja. Ya pili akaiacha.

"Itoe na hiyo. Maneno haya yanataka masikio mawili."

Akaitoa. Aliiweka mezani, akaizungusha kwa kidole kama anayetafuta mahali pake. "Wifi yangu, nilitaka kukuambia. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Ya kumwambia Dokta uliipata."

"Usikasirike, nisikilize kwanza. Idara inatafuta msaidizi wa studio. Wameniambia nikimaliza kozi ya video muhula huu, kazi ni yangu. Lakini kozi yenyewe ni ya asubuhi, saa zilezile za mafunzo yako. Tukitoka wote wawili, mama anabaki na nani?"

"Na wewe. Kama alivyobaki nami muhula uliopita, ulipokwenda wewe."

"Mkono wangu mzito, na wajua. Juzi nilipomlisha supu alinitemea yote hapa." Alijigusa kifuani, akajaribu kucheka. "Nikanuka karoti mpaka jioni."

"Mimi alinitemea mwezi mzima. Nikajifunza."

Kicheko cha wifi kilikatika njiani. "Wewe una kazi tayari," alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Mwisho wa mwezi ukifika, mshahara umeingia. Mimi je? Shahada yangu ya kwanza imelala kabatini miaka, na mimi mtu mzima ninamwomba kaka hata hela ya sabuni. Hujui inavyochoma kuomba hela ya sabuni. Nimeona mlango umefunguka, nikapita. Halafu kuahirisha si kufuta."

"Kwangu ni kufuta, na unajua. Ruhusa yangu tuliihesabu pamoja mezani hapa."

Wifi aliirudia spika yake, akaizungusha tena mezani.

"Nani alikupeleka idarani mara ya kwanza?" Mwalimu aliuliza. "Nani alikaa nawe hapa siku tatu tukiandika maombi yako, nikikusahihishia kila sentensi? Nilikuwa na hamu tusome wote. Nikajiona nimepata ndugu."

"Na ni ndugu. Mmoja wetu akipata kazi, tumepata wote."

"Mbona anayepata ni wewe, na anayekosa ni mimi?"

Mama alikohoa chumbani, kile kikohozi kifupi cha kuita. Wanawake wote wawili waligeuza vichwa. Wifi hakuinuka. Mwalimu ndiye aliyeinuka, kwa mazoea, akafika mlangoni, kisha akasimama na kugeuka.

"Kaka yako anajua?"

Wifi aliutazama mlango wa mama, akaitazama kompyuta. "Muulize mwenyewe," alisema.

*

Mume wa Mwalimu alikuwa fundi wa majokofu. Alirudi jioni na sanduku la vifaa begani na harufu ya gesi mikononi, akamkuta mkewe ameketi sebuleni, taa imewashwa, hakuna kilichotengwa mezani. Tangu enzi za uchumba alimwita Mwalimu, nusu kwa utani, nusu kwa kujivunia.

"Mwalimu, kulikoni?"

"Keti."

Akaketi na sanduku lake mapajani.

"Mlikubaliana lini?"

Hakujifanya haelewi, na hilo Mwalimu alimhesabia. "Hatukukubaliana," alisema Fundi. "Tulikaa tu, tukazungumza."

"Nani na nani?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Sebuleni."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Fundi aliweka sanduku chini. Aliliweka kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba ndani mna mayai. "Ulikuwa ndani," alisema. "Ulikuwa unamwogesha mama."

Mwalimu aliikumbuka jioni ile. Alikuwa amemlaza mama ubavu, nailoni imetandikwa, beseni liko kitini, na kutoka sebuleni alisikia sauti za ndugu wawili zikishuka ghafla. Alidhani wamezipunguza kwa kumstahi mama yao, kwa kuwa alikuwa mtupu na mlango haukuwa umefungwa vizuri. Aliwashukuru moyoni kwa adabu hiyo. Akaendelea kusugua mgongo.

"Nilipiga hesabu ya mlezi wa kutwa," Fundi alikuwa akisema. "Anataka fedha zinazozidi kodi ya nyumba hii. Na mdogo wangu akiikosa kazi ile, hatapata nyingine. Wewe kazi unayo. Nikaona—"

"Ulipiga hesabu ya watu wote."

"Nilijua utaelewa."

"Nitaelewaje nisichoelezwa?"

"Wewe huna neno, Mwalimu. Siku zote huna neno. Hata mama husema, mke huyu hana neno." Alilisema kama sifa, labda hata wakati ule aliliona bado ni sifa. "Nikasema, tutakuambia taratibu, mambo yakishatulia."

"Yakishatulia maana yake nafasi ikishachukuliwa."

Mwalimu alimtazama mtu huyu, ambaye aliweza kulisikiliza jokofu kwa sikio tu akajua pampu imeanza kuchoka, lakini alilala naye kitanda kimoja wiki nzima akashindwa kusema sentensi moja. Usiku ngapi aligeukia ukuta, naye akafikiri ni uchovu.

"Ijumaa ninakwenda kutia saini," alisema. "Kuna nafasi chuo cha mbali. Wiki kumi."

"Na mama?"

"Mna mahali mnapokaa mkazungumza. Kaeni."

*

Walikaa. Safari hii hawakupunguza sauti. Wifi alisema amekomolewa; Fundi akamwambia anyamaze; wifi akamwuliza tangu lini amekuwa na ubavu wa kumnyamazisha mtu. Mwalimu alikuwa chumbani akikunja nguo, akasikia kila kitu, na hakuna aliyemwita.

Ijumaa Mwalimu alikwenda idarani akatia saini. Jumamosi asubuhi Fundi aliondoka na gari la kukodi, akarudi na majokofu mawili ya wateja, akayapanga barazani nje ya mlango wa jikoni. Alinyoosha waya wa umeme, akatandika turubai, akaanza kufungua skrubu. Asubuhi atafanya kazi nyumbani, alisema, na kwa wateja atakwenda jioni, mdogo wake akirudi. Ilimchukua saa chache kulipanga jambo hilo. Mwalimu alisimama dirishani akiyatazama majokofu yale, mlango mmoja uko wazi, mpira wake umechanika, na akahisi hasira yake, iliyokuwa imeanza kuchoka, inasimama upya. Miezi yote ile nyekundu na buluu zilikwepana ukutani, kozi zikaachwa, kozi zisizotakiwa zikachukuliwa, na kumbe jokofu linaweza kuletwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kuliwaza. Yeye mwenyewe hakuliwaza, na hilo nalo lilimkera.

Siku hiyo na mchana wa Jumapili alimfundisha wifi. Alimfundisha kama alivyofundishwa kumfundisha mtu yeyote: kwanza atazame, kisha afanye akitazamwa, kisha afanye peke yake. Mto wa kwanza chini ya kiwiko. Kijiko kiingie upande mzima wa kinywa, na usikitoe mpaka ameze.

"Polepole," alisema Mwalimu. "Huyu si gunia."

"Mimi nilijua tunasomea kompyuta," wifi alinong'ona, jasho likimtoka.

Kwa sekunde moja walikaribia kucheka pamoja kama zamani. Mwalimu aliigeuza shingo yake, akaanza kukunja taulo.

"Hutanisamehe, wifi?"

"Mto umeanguka. Uokote."

*

Basi lilikuwa la Jumatatu alfajiri, anga bado ni la kijivu. Mshauri alikwisha kuwaarifu wenyeji kwamba angechelewa siku moja. Fundi alikuwa nje akiwasha pikipiki ya jirani aliyoiazima ili amfikishe kituoni. Mwalimu alivaa viatu, akasimamisha begi mlangoni, akaingia kwa mama mkwe kumuaga.

Mama alikuwa macho. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulipiga godoro mara mbili. Maana yake keti.

"Usi... wachukie," alisema mama. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayepanda ngazi akishika ukuta. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mama?"

"Nilimwita... mwanangu. Nikamwambia, mkeo asiende. Abaki yeye." Alipumua. "Wakasema, basi tumwambie. Mimi nikasema, msi... msimwambie."

Nje pikipiki ilikataa kuwaka, ikakataa tena. Basi jioni ile, alipokuwa akisugua mgongo huu na kuwashukuru wale wawili kwa adabu yao, huyu aliyelala mikononi mwake alikuwa anajua. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, akijua wanazungumza nini.

"Kwa nini, mama?"

"Wao hunishika... kama mzigo."

Hilo lilikuwa kweli, na Mwalimu hakuweza kulibisha. Aliutazama uso ule, nusu yake hai na nusu imelegea, uso aliokuwa ameufuta kila siku kwa kitambaa cha vuguvugu mpaka akaujua kuliko wa mama yake mzazi.

"Ungeniomba," alisema.

"Unge... kubali?"

Alitaka kusema hapana. Ingemsaidia sana kusema hapana. Angetoka mlangoni na kifua kilichonyooka. Lakini alijiona mwenyewe, waziwazi, ameketi ukingoni mwa kitanda hiki hiki, mama amemshika mkono na kumwomba, naye akitikisa kichwa: sawa, mama, nitabaki. Angelia siku mbili kwa siri, kisha angekwenda kwa Mshauri kuahirisha kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ningekubali, mama," alisema. "Ungeniomba, ningekubali."

Machozi yalianza kumtoka mama, yakateremka kuelekea sikioni, naye hakuwa na uwezo wa kuyafikia, kwa kuwa mkono wake mzima ulikuwa umeikamata nguo ya Mwalimu. Mwalimu aliusubiri mkono ule uchoke. Ulipolegea, aliulaza juu ya shuka, akasimama. Alimwita wifi aje amfute mama yake machozi, akachukua begi, akatoka.